Nimekula kwa sanaa ya uigizaji miaka yote hii bila kuwa staa hata siku moja

Wale wa "kataa nafasi ndogo ndogo, utazoeleka hivyo", mko wapi saa hii? Maana mliniambia hivyo nikianza pale Kenya National Theatre, KBC ikiwa bado inaitwa VoK, Voice of Kenya, na nyinyi ndio mliacha kwanza mkaenda kuuza mitumba. Mimi nimekuwa chifu, askari jela, pasta, hakimu, daktari wa kusema "pole mama, tumejaribu". Ukinipata kwa stage ya matatu unajua umeniona mahali lakini jina huna, unabaki "we si ni yule mzee wa ile nini..." Ndiyo ni mimi, na kodi ya nyumba imelipwa.

Tena haikulipwa na TV. TV inakupa salamu za barabarani, pesa iko kwa setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani. Fomu Foo lazima wasome tamthilia ya Kiswahili, kwa hivyo kikundi kinajaa kwa nissan, asubuhi tunaigizia shule hii, mchana ile, na kwa sababu hakuna pesa ya kubeba watu wengi mmoja anacheza wahusika watatu. Enzi ya tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea nilikuwa Boza nikibishana na Sudi pale karakana, baadaye kidogo nabadilisha shati niko Babu. Staa wenu ataweza hiyo?

Sasa uzee. Nilianza kuucheza nikiwa kijana wa ndevu tatu, na kuna mjuaji akaniambia weka unga wa ngano kwa nywele. Nikaweka, tena nusu pakiti. Shule ya wasichana huko Western, ukumbi wa mabati, saa nane mchana, jua la kuua. Nikaingia na bakora yangu, chifu mkali, jasho likaanza, unga ukalowa ukashuka mpaka kwa nyusi ukawa kinyunga kabisa, nikifoka kinadondoka kwa meza ya mshtakiwa. Msichana wa mbele akapiga kelele "chifu anapika chapati!" basi kesi ikaishia hapo, hata mshtakiwa alikuwa anacheka. Siku hizi ni mafuta kidogo na poda ya mtoto, kando ya masikio na nyusi tu, utosini hapana.

Lakini ufundi wangu hasa ni kokoto. Weka moja kwa kiatu, chini ya kisigino. Kuchechemea kwa kuigiza unasahau, onyesho la pili unachechemea mguu ule mwingine na wanafunzi wanakuona, hao wanaona kila kitu. Ukiwa na kokoto mguu wenyewe unakukumbusha.

Lafudhi nayo usiibe kwa waigizaji wengine, kaa sokoni usikilize wenyewe. Mzee Ojwang' wa Vitimbi kwa TV, jina lake halisi Benson Wanjau, aliyetuacha 2015, alikuwa Mkikuyu na nusu ya Kenya iliapa ni Mjaluo wa kuzaliwa.

Na ukiitwa kuigiza hakimu nenda na joho lako mwenyewe, kama unalo wanakuita wewe kwanza, mimi langu lilishonwa kwa pesa kidogo tu na limeshafunga watu zaidi ya korti halisi. Nauli itisha kabla hujapanda gari. Kuna stesheni moja ilinilipa mtoto akiwa ameshamaliza nasari, na bado wakakata ya chai.