Kireno cha kwenye cherehani

Watu wakinikuta naongea Kireno na mteja swali la kwanza huwa ulisomea wapi, nikijibu sijasomea popote wanaona nawaficha kitu, wengine wanahisi labda nishawahi kuolewa Msumbiji. Sijawahi. Mi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, kibanda changu kiko Chikongola, na Kireno nimejifunza mwenyewe huku nashona. Meseji za kuuliza nimefanyaje zimekua nyingi na kila mtu namjibu nusu nusu, kwaiyo leo naandika mara moja.

Kwanza kwa nini Kireno wakati kila mtu anakililia Kiingereza. Huku mpaka wetu na Msumbiji ni mto Ruvuma, ukienda Kilambo unavuka maji uko Namoto, au unazunguka Daraja la Umoja kule Mtambaswala, lile la mita 720 lililofunguliwa 2010. Sasa ukivuka tu, wengi ng'ambo ni Wamakonde kama sisi na Kiswahili wanakijua, Palma na Mocímboa da Praia hulali njaa kwa kukosa Kireno. Shida inaanza ukisogea kusini, Pemba (ile ya Msumbiji jamani, sio ya karafuu) mpaka Nampula, na makaratasi yote hata ya hapo mpakani ni Kireno maana ndo lugha yao rasmi. Na wateja wangu wa maana, wale wanaoshonesha gauni kumi kwa mpigo za kwenda kuuza, wanatoka huko huko.

Mtu atakwambia Kireno kwetu rahisi sababu meza, leso, bendera na gereza tumetoa kwao. Sawa tumetoa kwao, ila utakaa unaongelea meza mpaka lini.

Mi ninachokiona ni hiki, masomo karibu yote ya bure ya Kireno mtandaoni yametungwa kwa mtu anayetokea kwenye Kiingereza, sie tunayasoma hivyo hivyo na tunarithi mpaka uoga wao. Utakuta video ndefu mtu analalamika eti majina ya vitu yana kike na kiume na kivumishi lazima kifuate, as capulanas bonitas, vitenge vizuri, yani kila neno linavaa s na a. Sasa we ambaye toka hujaota meno unasema vitenge vizuri vile viwili vimeisha, kila kitu vi vi vi, unaogopa nini hapo? Wareno wana makundi mawili, sie ngeli hata walimu hawakubaliani ziko ngapi. Cha kufanya ni kukariri neno pamoja na kitangulizi chake, a saia (sketi), o vestido (gauni), basi, mdomo utazoea kama ulivyozoea kitenge vitenge.

Kitenzi nacho hivyo hivyo. Wareno wanasema falo, falas, fala, falamos, naongea, unaongea, anaongea, tunaongea, ile alama ya nani anaongea imehamia mwisho wa neno tu, kwetu iko mwanzo, na kama sisi hawana haja ya kutaja mimi wewe kila saa. Alafu kuna lile zimwi la ser na estar ambalo Mwingereza analilia maisha yake yote sababu kwao yote ni neno moja. We unasema mi ni wa Mtwara na unasema niko Mtwara, hujawahi kuchanganya hata siku moja, sou de Mtwara, estou em Mtwara. Sio kwamba kila sehemu inaingia hivyo, ukichoka wanatumia estar na sie tunasema nimechoka tu, lakini mlango ushafunguka. Wamarekani wana chuo cha kufundishia mabalozi wao, Foreign Service Institute, wao Kireno wanakipangia wiki 24 mpaka 30 na Kiswahili wiki 36, yani hii lugha tunayogombania nayo nyanya sokoni ndo wanaiona ngumu zaidi!

Sasa kwenye kazi kweli kweli hao wenye masomo ya mtandaoni wanapita haraka. Sauti. Kiswahili kina irabu tano na zote zinasikika vizuri, Kireno cha kufuata Ureno kinameza irabu mpaka neno linabaki mifupa, na kuna zile za puani, pão ni mkate na pau ni kijiti, alafu avó ni bibi na avô ni babu, hapo tofauti ni jinsi ulivyofungua mdomo. Alafu r. Sie wa huku tunaochanganya r na l tuna mtihani, maana caro ni ghali na carro ni gari, hapo r ya kwanza inagongwa kidogo mbele, ile ya pili inatoka kooni au inavingirishwa sana kutegemea anayeongea ametokea wapi. Hii hakuna programu ya simu iliyonisaidia. Nilichofanya ni kusikiliza kipande kifupi, kusimamisha, kurudia kwa sauti mpaka wateja wakawa wanauliza fundi unaongea na nani. Usione aibu, fundi akiongea peke yake watu wanajua anahesabu sentimita.

Faida ya kazi yangu ni kwamba mikono iko bize ila masikio yako huru kutwa nzima. Nilikua naweka DW ile ya Kireno cha Afrika na Rádio Moçambique kwenye simu. Ila nisikudanganye, kuweka redio ambayo huelewi hata neno ni kelele tu. Yuko mtaalamu wa Marekani anaitwa Stephen Krashen, toka miaka ya 1980 anasema lugha inaingia kwa kusikia vitu unavyovielewa, vilivyokuzidi kidogo tu. Nakubaliana nae hapo. Kwaiyo mi nilikua nachagua habari ambayo nishaisikia kwa Kiswahili asubuhi, najua tayari nani kafanya nini, nabaki kutafuta wao wanaisemaje, na kipande kile kile narudia mpaka kinaninasa. Ambapo sikubaliani nae ni ile ya kusubiri mdomo ufunguke wenyewe, we mtu mwenye mteja amesimama mbele yako na kitambaa utasubiri nini.

Maneno nilikua nayaweka Anki, programu ya simu ya kukariri, kwenye Android ni bure, inakuuliza neno ukikaribia kulisahau, wazo lenyewe la zamani sana, Mjerumani Ebbinghaus aliandika mambo ya kusahau toka 1885. Ushauri wangu mmoja tu, usiweke neno tupu, weka sentensi ambayo utaisema kesho. Mi za kwanza zilikua za vipimo, mikono mirefu au mifupi, pindo liishie wapi, lini uje kuchukua.

Kuongea ndo kuna vituko. Ng'ambo ukifungua mdomo wakasikia lafudhi ya Kiswahili wanakujibu Kiswahili, ni ukarimu lakini unakumaliza. Ikabidi niwe na makubaliano na mama mmoja mteja wangu wa Pemba, nikamwambia mama, ukija kupimwa usinihurumie, Kireno mwanzo mwisho na mi nakupunguzia hela ya ufundi. Akakubali haraka sana, kwenye punguzo nani anakataa. Yule mama ndo amenifundisha Kireno cha watu, kwamba shamba ni machamba, daladala ni chapa, kifungua kinywa ni matabicho, na maningue kwa maana ya sana, ambayo kwenye masomo ya Kireno cha Wabrazili huikuti. Akirudi kwao tunatumiana voisi za WhatsApp, na voisi ni mwalimu mzuri kuliko kupiga simu maana unairudia hata usiku umelala na ye hajui kama umeisikiliza mara nyingi hivyo. Anaongea haraka huyo, na umbea wake mtamu, nilikua natamani kuuelewa mpaka mwisho.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa watu wengi hapa Mtwara walikua na ndugu kule, kila mtu anatafuta habari, uvumi kila kona. Nikafungua redio kama kawaida. Baadae sana ndo nikagundua kwamba siku zile zote nilikua nasikiliza habari, sikua nasikiliza Kireno, nilikua namgeukia jirani yangu namwambia wamesema hivi na hivi bila kujua natafsiri. Wanaouliza ulijua lini kwamba umekiweza, mi hilo ndo jibu langu, na sio jibu ninalopenda kulitoa.

Cheti sina. Chuo Kikuu cha Lisbon kina mitihani yake ya CAPLE, ngazi ya B2, yani ya kati kuelekea juu, inaitwa DIPLE, ukihitaji karatasi ya kazi au chuo fuatilia hiyo. Kuandika barua rasmi bado kunanitoa jasho na wakianza siasa za bunge kuna maneno yananipita, ila kwenye bei hamna Mnampula anayeniweza.

Wanaotaka zile sentensi zangu za vipimo nitawatumia, niandikieni tu. Ila mjue msimu wa korosho ukianza hela zikaingia kila mtu anataka gauni la jana, hapo msinitafute, nitajibu zikiisha.