Kutoka Mikindani hadi machimbo ya Namungo

Nilianzia Mikindani, jua likiwa bado halijachoma, kwa sababu nilitaka kwanza kukiona kizingiti cha duka moja la kale. Nyumba yenyewe ni ya mawe na chokaa, paa limeshaporomoka na mtini umeota ndani ya ukuta. Kizingiti chake cha jiwe kimelika katikati, kimebonyea kama bakuli. Nilivua kandambili nikaweka mguu pale. Kimeliwa na nyayo za watu waliokuja kununua.

Nyumba nyingi za aina hii zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi waliovuka bahari kutoka Kutch na Gujarat katika karne ya 19, wakati pembe za ndovu, sandarusi na mpira wa msituni vilipokuwa vikishuka pwani kutoka bara. Hawakuwinda tembo wala kugema mpira. Waliwapa watu wa misafara vitambaa vya merikani na kaniki na shanga kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, wakaandika kwenye daftari, wakakaa kungoja. Msafara ulichukua miezi kurudi. Anayengoja deni la miezi hahami. Ikabidi ajenge, alete mke na watoto, atafute mahali pa kusalia na mahali pa kuzikia wafu wake. Wajerumani walipojenga boma lao hapo mwaka 1895, maduka yalikuwa yameshatangulia.

Nilipanda basi la kwenda Mnazi Mmoja nikiwa na jambo hilo moyoni. Mimi ni mtu wa Mtwara. Nimeuona msimu wa gesi, ile miaka ya 2012 na 2013, kodi za nyumba zikipanda na kila mwenye kiwanja akitaka kujenga gesti. Wageni wa msimu ule walilipa taslimu, na walilipa vizuri. Kazi ilipopungua waliondoka wakiwa hawamdai mtu na hawadaiwi na mtu. Bado inaniuma nikipita mbele ya zile gesti zilizobaki na madirisha yamefungwa.

Nikakumbuka kisa cha mbali: dhahabu ilipogunduliwa California, Marekani, mwaka 1848, San Francisco ilikuwa na watu wapatao elfu moja. Ndani ya miaka miwili hivi walifika kama 25,000. Miongoni mwa wahamiaji waliofuata, mwaka 1853, ni Levi Strauss, mzaliwa wa Bavaria. Alifungua biashara ya jumla ya nguo, na machimboni hakushika sururu. Suruali ya riveti, vile vipini vya chuma vya kukaza mishono, iliyompa jina yeye na fundi cherehani Jacob Davis ilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1873, wakati wengi waliokuja kuchimba walikuwa wameshatawanyika. Muuza nguo yeye alikuwa bado yupo.

Mtama, Nyangao, Nanganga. Hapo unaiacha barabara ya Masasi, unashika lami ya Ruangwa. Ruangwa mjini nilikula wali maharage, nikachukua bodaboda hadi Namungo.

Machimbo ya dhahabu unayasikia kabla ya kuyaona: karasha zinasaga mawe, vumbi jeupe limetanda hadi kwenye majani ya mikorosho. Niliingia duka moja la mabati. Ndani kulikuwa na nyundo, moko za kupasulia mwamba, kamba za katani, tochi za kichwani, mchele, dawa za meno. Mwenye duka ni Msukuma aliyetokea Geita.

"Karibu, mdogo wangu. Unachimba?"

"Hapana, kaka. Natembea tu, nataka kujua biashara."

Akacheka, akavuta daftari kutoka chini ya meza. Lilikuwa la kurasa nyingi, jalada limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Majina yamepangwa kwa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia: duara hili watu saba, lile watu watano. Kilo mbili za unga, tochi moja, betri. Duara likitema dhahabu, wanalipa. Lisipotema, anaendelea kuwapa.

"Kwa nini unaendelea?" nikamuuliza.

"Nikiwakatia leo, deni la nyuma limekufa. Na hawa ni watu, wanakula kila siku." Akafungua ukurasa mwingine. "Nilikuja kwa miezi mitatu. Huu mwaka wa sita. Kila nikitaka kurudi kwetu, nikifungua hili daftari nakuta nusu ya mali yangu iko chini ya ardhi pamoja nao."

Mke wake, mwenyeji wa hapohapo, alikuwa anakaanga mihogo nje. Mteja alikuja, akataja vitu vitatu, akaandikwa, akaondoka. Hakuna pesa iliyotoka mfukoni.

Kabla sijaondoka alinipeleka nyuma ya duka. Kulikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na fremu moja inayotazama barabara. Paa bado. Mlango bado. Kizingiti cha fremu kilikuwa cha saruji mbichi, kina alama za mwiko, na alikuwa amekiwekea ubao juu ili watoto wasikanyage.