Uzito wa Vumbi Uonekanao kwa Mwanga

Niliishi Kalacha kwa miezi kadhaa, pembezoni mwa Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na karibu kila asubuhi nililazimika kufuta vumbi jeupe lenye ladha ya chumvi kwenye mfuniko wa sufuria kabla ya kubandika chai. Chalbi lilikuwa ziwa hapo kale. Tangu wakati huo sijaacha kufuatilia habari za vumbi la jangwani, hasa la Bodélé, kaskazini mwa Chad, ambako nako maji yalikauka yakaacha mabaki meupe ya daiatomu, yaani viumbe vidogo mno vya majini, ambayo ni mepesi na hupeperuka kwa urahisi.

Upepo wa Bodélé hubanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, ukaongeza kasi. Usiku hukimbia juu ya tabaka la hewa baridi lililotulia karibu na ardhi. Jua linapochomoza na ardhi ikaanza kupata joto, hewa huchanganyika, upepo ule wa juu ukashuka na kulichota vumbi. Kwa hiyo setilaiti inayopita mara moja kwa siku, baada ya adhuhuri, hukuta tufani imekwisha kuanza. Setilaiti ya Meteosat, iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, huipiga picha Afrika kila baada ya dakika 10 hadi 15, na kwa kulinganisha mawimbi kadhaa ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, hulionyesha vumbi kwa rangi ya waridi hata usiku. Bila mbinu hiyo, vumbi jeupe juu ya mchanga mweupe halitambulikani kwa urahisi.

Hata hivyo, rangi hiyo hubadilika kulingana na unyevu wa hewa na kimo cha vumbi, na tufani zinazosukumwa na pepo baridi za mvua ya radi, ambazo Wasudani huziita haboob, mara nyingi hujificha chini ya mawingu. Ndiyo maana naziheshimu sana safari za ndege za utafiti. Mnamo Juni 2011, watafiti wa Fennec, mradi wa kuchunguza hewa ya Sahara, waliruka kutoka Fuerteventura, katika Visiwa vya Kanari, hadi juu ya Mauritania na Mali, wakaingia ndani ya vumbi lenyewe. Vipimo muhimu vilifungwa chini ya mabawa, kwa sababu chembe kubwa hugonga kuta za mabomba yanayoingiza hewa ndani ya ndege na kubaki humo bila kuhesabiwa. Chembe hizo kubwa zilipatikana kwa wingi, na ndizo zinazofyonza zaidi joto la jua.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa kutumia leza ya setilaiti ya CALIPSO, iliyorushwa mwaka 2006, wanasayansi walikadiria kwamba tani milioni 182 za vumbi huondoka Afrika kila mwaka kuelekea magharibi, na kwamba tani milioni 27.7 kati yake huangukia bonde la Amazon, zikibeba fosforasi inayorutubisha msitu. Lakini leza hupima mwanga unaorudi, haipimi uzito. Ili mwanga ugeuzwe kuwa tani, ni lazima ukubwa wa chembe ujulikane, na ukubwa huo hupimwa vizuri na mtu aliyeingia ndani ya wingu la vumbi.

Siku hizi hufungua picha za Meteosat mnamo saa tatu asubuhi, nikaitazama Bodélé kwanza, kisha Chalbi.