Fomu ya mkopo ikaguliwe mwanachama akiwa bado ameketi
Katika tawi la SACCOS ninalofanyia kazi hapa Dodoma, wanachama wengi ni wakulima wa alizeti na zabibu, na baadhi yao hupanda basi alfajiri kutoka Kongwa, kwa hiyo kumwambia mtu arudi kesho kwa sababu ya sahihi ya mdhamini ni kumtwisha nauli ambayo hakuipangia. Siku hizi tunakagua fomu palepale mapokezi na kumpigia simu mdhamini kabla jalada halijapelekwa kwa kamati ya mikopo. Foleni imepungua sana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inatutaka tuwe na leseni, jambo ninaloliunga mkono kwa dhati; nasi tumeongeza utaratibu wetu wa kumsomea mwanachama riba na marejesho ya kila mwezi, polepole, kabla hajatia sahihi.