Ghala la kanisa na msimu wa njaa

Wapendwa mlioko vijijini Uganda, kati ya mwezi wa tano na wa sita nyumba nyingi huwa zimemaliza akiba, na mahindi ya shambani hayajakomaa. Kusema tu "Mungu atatenda" hakutoshi. Matayarisho huanza kwenye mavuno.

Pokeeni sadaka ya mahindi, lakini pimeni unyevu kwanza. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anikeni tena, juu ya turubai, si chini. Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumu, na kupika hakuiondoi. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kugawa ndiko kunakoharibu mambo. Jina la mjane lisisomwe kwenye matangazo ya Jumapili (aibu hufukuza watu kanisani kuliko njaa). Wazee wawili wampelekee mahindi nyumbani kwake, waketi, wasikilize, ndipo waombe. Someni zaburi za maombolezo. Aliyezika juzi haanzi na shangwe.

Fedha? Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne.