Mlango Nimeurudishia Tu

31 Oktoba, saa nne usiku

Watoto wa mtaa wameshapita na ile kauli yao ya Halloween iliyotoka Amerika Kaskazini, zawadi au vituko. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Roscommon, Ayalandi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuwafungulia. Miaka miwili nilizima taa nikakaa kimya chumbani, nikiamini ni sherehe ya mashetani.

Aliyenibadilisha ni bibi mmoja ninayemhudumia kwenye makao ya wazee. Juzi alinikatia barmbrack, mkate wenye zabibu kavu, akanionya nitafune polepole. Humo huokwa pete, na anayeipata ataolewa kabla mwaka haujaisha. Zamani kilitiwa pia kitambaa, ishara ya ufukara. Mimi sikupata kitu. Kisha akasema utotoni mwake usiku huu mlango haukutiwa komeo, moto haukuzimwa, na mezani paliachwa nafasi ya waliokufa. "Wanarudi kwao, mwanangu. Utawafungiaje?"

Sikukuu ya kale ya usiku huu ni Samhain, ambalo pia ni jina la Novemba kwa Kiayalandi: mavuno yamekwisha, ng'ombe wamerudishwa kutoka malishoni, giza linaingia mapema. Huku huku Roscommon, pale Rathcroghan, kuna pango liitwalo Oweynagat. Masimulizi ya kale yanasema viumbe wa ulimwengu mwingine hutokea humo usiku huu. Taa za maboga zilikuja baadaye. Waayalandi wa zamani walichonga tanipu, mzizi mgumu wa ukoo wa figili, wakatia kaa la moto ndani. Wahamiaji wa Kiayalandi, wakiwemo waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, walikuta Marekani boga ni kubwa na rahisi kuchonga. Nimeona mfano wa taa ya tanipu kwenye makumbusho karibu na Castlebar. Ina meno, na uso wake umekunjamana kama wa maiti. Boga halijawahi kunitisha vile.

Na Halloween, jina lenyewe, ni mkesha wa Watakatifu Wote. Keshokutwa ni Marehemu Wote. Nyumbani Kibosho siku hiyo tulipalilia makaburi mgombani, mama akitaja majina mmojammoja, sisi tukiitikia. Baba alizikwa mwaka juzi, na mimi sikuwa na nauli wala ruhusa kazini. Tangu hapo sijalitaja jina lake kwa sauti.

Leo nimelitaja. Nimeweka sahani ya pili. Ugali umeshapoa, na mlango nimeurudishia tu.