Ree ya Uru

Ramadhani ile iliingia siku mbili tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 1997, na mvua za El Niño zilikuwa bado hazijachoka. Januari ya Lamu tuijuayo sisi ni ya kaskazi kavu na vumbi la matumbawe. Mwaka ule vichochoro vya Langoni vilijaa madimbwi, na punda wakipita wanakurushia tope kwenye kanzu uliyotoka kuivaa kwa taraweh. Umeme nao ukawa wa kubahatisha. Taa ikizimika, mtaa mzima unasema “Aaa!” kwa pamoja, kisha kandili zinatolewa.

Nilikuwa na miaka 19, na nilijiona bingwa wa karata. Nasema nilijiona kwa sababu aliyekuwa bingwa hasa ni mjomba wangu, fundi mashua, aliyenichukua kuwa mwenziwe wa kucheza baada ya mwenziwe wa miaka mingi kuhamia Mombasa. Mimi nilikuwa mkono wake wa pili tu.

Mchezo wa baraza letu ulikuwa wahedusitini. Jina lenyewe ni hesabu: karata zote zina pointi 120, na anayefika 61 amekula. Tunatoa nane, tisa na kumi, tunacheza wanne, wawili kwa wawili, mwenzio akikaa mbele yako. Ree ndiyo kubwa, ina pointi 11, na saba inaifuata kwa 10. Mfalme ni 4, ghulamu 3, bibi 2, na zilizobaki ni za kujazia mkono tu. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kucheza lakini aliposikia kwamba bibi yuko chini ya ghulamu alisema mchezo huo umetungwa na mtu asiyeoa.

Majina ya karata tunayataja bila kufikiri: kopa, uru, shupaza, pau, na turufu yenyewe. Yote ni Kireno. Wareno walifika pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498, wakatoza watu kodi, wakapigana, wakafukuzwa, na katika vilivyobaki nyuma yao vimo hivi vya mkekani. Jina la mchezo ni la Kiarabu, karata ni za Kireno, na matusi ya kutaniana ni yetu wenyewe.

Matani yalikuwa mengi. Mwenye kufungwa huinuka na kumpisha mwingine, na akiinuka husindikizwa kwa maneno mpaka anavaa ndara. Lakini pesa haikukanyaga mkeka ule hata siku moya. Sharti hilo aliliweka Maalim, aliyesomesha watoto chuoni asubuhi na kusalisha taraweh katika msikiti mdogo wa mtaani. Kuna waliomlaumu kwa kukaa na wacheza karata. Yeye alisema afadhali akae nasi tuone haya ya kutukana. Sharti lake la pili: likiingia kumi la mwisho, karata zinafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa mpaka baada ya Idi.

Mwenziwe Maalim alikuwa Nahodha. Alikuwa ameacha bahari zamani kidogo, lakini hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikwenda na jahazi Mombasa, Unguja na bandari za Somalia tangu kijana, na alikaa mkekani kama aliyeshika usukani, mgongo wima, karata zake amezisogeza karibu na ndevu. Tulidhani anazificha. Mimi nikimkuta njiani nilimshika mkono nikaubusu, kama tulivyolelewa, na mkekani nilimwogopa.

Maalim alikuwa na tabia moja tuliyomcheka. Kila karata ikianguka, yeye hunong’ona jina lake: “Ree ya pau... saba ya kopa... tatu ya shupaza...” Tulisema ameshazoea kuvuta uradi, hata karata anazifanyia dhikri. Wengine walisema anahesabu, kichwa chake kimechakaa. Alitabasamu tu, akaendelea.

Ramadhani ile mwenye duka mmoja alitoa bakuli la halua kwa watakaoshinda wote. Hakuna aliyechangia, kwa hiyo hata Maalim hakuwa na la kusema. Tukachezana usiku baada ya usiku, mpaka usiku wa kumi na sita wakabaki wanne: mjomba na mimi, Nahodha na Maalim. Mitaa ya juu ilisikia. Walikuja hata watu wa Mkomani, ambao kwa kawaida wakishapita Ngome wanajiona wamesafiri. Baraza zote mbili zilijaa, vijana wakasimama, mzee wa kahawa akaja na dele lake akaweka kituo pale pale, akigonganisha vikombe kama mtu aliyealikwa kupiga ngoma.

Mwezi ulikuwa mpevu lakini mawingu yalikuwa yameufunika, na umeme ulikatika kabla hatujamaliza mchezo wa kwanza. Ikaletwa kandili ikatundikwa kwenye msumari wa mlango. Maalim usiku ule alikuwa hana sauti. Kusalisha kila siku na kusomesha kulikuwa kumeikausha, na kwenye taraweh alimpisha kijana mwingine. Alikuja na shali shingoni, akaashiria koo lake, akaketi. Nani angekumbuka kwamba mnong’ono wake haupo? Mimi niliona raha tu kwamba pale pametulia.

Tulifungana michezo miwili kwa miwili. Wa tano ndio wa halua.

Turufu ilikuwa shupaza. Mkononi nilikuwa na ree ya uru, na nilijua kwa jinsi mjomba alivyocheza mwanzo kwamba saba ya uru iko kwake. Nikiitoa ree yangu, yeye ananitilia saba yake juu, tunazoa pointi 21 kwa mkupuo mmoja. Nikasubiri zamu yangu ya kuanza. Nikaitoa, nikaiweka katikati ya mkeka kwa madaha.

Nahodha alikuwa kuliani kwangu, na sisi huzunguka upande huo. Alitazama mkeka, akatazama karata zake, akatoa tatu ya shupaza. Akaikata ree yangu kwa turufu ndogo tu!

Mjomba hakutikisika, akatupa uru ndogo akaiokoa saba yake. Maalim akatia mfalme, wakazoa pointi 15. Watu wakaguna. Nilihisi masikio yanawaka. Lakini sheria ni sheria: karata iliyoanza ndiyo ya kufuatwa, ukiwa huna ndipo unakata. Nikajiambia, basi, hana uru.

Mizunguko miwili ikapita. Zamu ya kuanza ikarudi kwa Nahodha. Akavuta karata, akaisogeza karibu na uso, akaitua mkekani taratibu kama mtu atiaye kahawa.

Sita ya uru.

Kwetu aliyekata na huku anayo karata ya kufuata, mchezo umemtoka. Hauhesabiwi tena. Kwa hiyo nilikuwa na haki, na ningeweza kuidai kwa maneno matatu ya adabu. Badala yake nilipiga mkeka kwa kiganja mpaka karata zikaruka, nikasimama nusu.

“Uru ulikuwa nayo! Umeniibia ree yangu! Mwizi!”

Vikombe vya kahawa vikanyamaza. Nakumbuka hilo kuliko jambo lingine lolote. Mzee wa kahawa hakuwahi kunyamazisha vikombe vile hata akipita mbele ya maziko, na sasa vimekaa kimya kwenye kiganja chake. Mtu mmoja nyuma yangu akasema “Astaghafirullah” kwa sauti ya chini.

Mjomba akaanza kukusanya karata, zake na zangu. “Mchezo huu haukuwa,” akasema. “Taa haioneshi. Tuchange upya.”

“La,” Nahodha akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinigeukia, lakini macho yake yalitua kidogo kando ya uso wangu. “Ree ile ilikuwa ya nini?”

“Ya uru,” nikajibu. Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kurudi ndani.

“Si ya kopa?”

“Ya uru, Nahodha.”

Akatikisa kichwa mara moja, pole pole. Ree ina alama moja tu katikati. Nyekundu hii na nyekundu ile, usiku, kandili nyuma ya mabega ya watu. Sikuwaza hayo wakati ule. Niliyawaza baadaye, kwa siku nyingi.

“Basi nimekosa,” akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. “Uru ninayo, nyengine hizi hapa.” Akazilaza karata zake zote mkekani, wazi. “Hakuna kuchanga upya, Fundi. Mimi sikuomba taa wakati nikishinda. Wamekula.”

Mjomba akataka kusema tena. Nahodha akamnyoshea mkono, na mkono ukinyoshwa hivyo hauna namna ila kuupokea. Kisha akaunyosha kwangu. Niliinama niubusu kama desturi, naye akauvuta kabla midomo haijafika, akanishika kiganja kama mtu amshikavyo mtu mzima mwenziwe. Sijui alikusudia nini. Mimi kilinichoma.

Aliinuka, akatafuta ndara zake kwa miguu, akamkataza Maalim kumfuata. Fimbo yake tuliisikia ikigonga ukuta mpaka kona ya msikiti. Hakuna aliyemsindikiza kwa matani.

Njiani kurudi nyumbani mjomba alibeba bakuli la halua juu ya kiganja, na mimi nikasubiri matusi. Hakunitukana. Tulipofika mlangoni ndipo aliponiuliza, bila kunitazama: “Mwizi gani hoyo, aiba kitu kisha yuwaya nacho barazani mwenyewe?”

Ndipo nilipoiona ile sita ya uru upya. Hakuna aliyemlazimisha kuitoa. Mtu aliyeiba angeificha mpaka mwisho, angeizamisha kwenye fujo la karata za mwisho. Yeye alianza nayo, mbele ya watu wote.

“Kesho utampelekea halua hini,” mjomba akasema. “Wewe. Si mimi.”

Nilikwenda baada ya alasiri. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, na nilipomkuta amekaa kwenye daka la mlango wake, hotuba ikanitoka, nikasema tu, “Nahodha, mimi.” Akasema, “Nakujua kwa mwendo. Ndoo, keti tini.” Nikambusu mkono, safari hii akauacha. Nikasema nimekosa kwa neno lile. Akanyamaza kidogo, akasema neno limeshapita, ila nimwambie mjomba kwamba asirudie tena kutaka kumfutia mchezo. “Ukinisamehe kosa la mkekani, kesho utanisamehe na ushindi.” Hili la pili nililifikiri mpaka nilipokuwa na wajukuu wa dada yangu mapajani, na sina hakika nimelimaliza.

Halua aliipokea. Akamwita binti yake alete kisu, akaikata nusu kwa nusu, akipima kwa kidole, akanirudishia nusu yangu. “Nyinyi ndio mloshinda.”

Juu ya macho hakusema kitu, nami sikuuliza. Wala sikumuuliza Maalim kuhusu mnong’ono wake, ingawa nilikuwa nimeshaelewa, na nadhani baraza zima lilielewa usiku ule ule, kila mtu peke yake, akiwa amelala.

Zilibaki siku chache kabla ya kumi la mwisho. Usiku uliofuata tulidhani Nahodha hatakuja. Alikuja, akatoa salamu, akapishwa mahali pake. Maalim alikuwa bado na shali, sauti haijarudi. Mjomba akachanga karata, akagawa, turufu ikawa pau. Karata ya kwanza ilikuwa yake. Akaipigiza mkekani:

“Saba ya kopa!”

Alivyoisema, ungedhani anaita mashua iliyo ng’ambo ya Manda. Nilimtazama. Hakuwahi kutaja karata maishani mwake. Aliyemfuata akasita kidogo, kisha naye: “Nne ya kopa!” Na wa tatu, na wa nne. Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu kwenye baraza la pili nikasikia na huko wameanza, ingawa Nahodha hakuwa akicheza huko. Kufika saa tano usiku mtaa mzima ulikuwa ukinadi karata, ree ya hivi, bibi wa vile, na mama mmoja alifungua dirisha la juu akauliza kama tumerogwa.

Nahodha alivumilia michezo mitatu. Akashinda miwili. Kisha akaziweka karata zake gotini, akasafisha koo.

“Nyinyi mna nini?” akauliza. “Mwapiga kelele kama wauza samaki. Mimi ni mtu mzima, si kiziwi.”

Hakuna aliyejibu. Mjomba aliinamia karata zake akizipanga kwa bidii ya mtu anayeshona tanga. Mzee wa kahawa akajaza kikombe, akapita katikati ya magoti ya watu, akamwekea Nahodha karibu na mkono wa kulia.

“Kahawa, Nahodha!” akapiga ukelele.